Derek Bell: pointi moja Formula 1, ushindi mara tano Le Mans

Ukifungua takwimu za Formula 1 ukalitafuta jina la Derek Bell, utapata kidogo. Alianza mbio tisa kati ya 1968 na 1974, akaondoka na pointi moja, aliyoipata kwa kumaliza wa sita huko Watkins Glen, Marekani, mwaka 1970. Sasa fungua takwimu za mbio za magari ya michezo. Huko Mwingereza huyohuyo ameshinda saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara tano: 1975, 1981, 1982, 1986 na 1987. Ameshinda saa 24 za Daytona, Marekani, mara tatu, 1986, 1987 na 1989, na amekuwa bingwa wa dunia mara mbili. Hakuna dereva wa Uingereza aliyeshinda Le Mans mara nyingi kama yeye. Ukiwaweka madereva wa dunia nzima pamoja, waliomzidi ni wawili tu: Tom Kristensen wa Denmark mwenye ushindi tisa, na Jacky Ickx wa Ubelgiji mwenye sita.

Wanaofuatilia Formula 1 peke yake wakikutana na hesabu hizi hutoa hukumu ya haraka: mtu alishindwa kule juu, akashuka kutafuta riziki kwingine. Naona hukumu hiyo imepotoka. Ili kuona imepotokea wapi, lazima kwanza tujue mbio hizi zinapimaje ushindi, maana hazipimi kwa kipimo cha zile za Jumapili kwenye televisheni.

Katika Formula 1 kilichopangwa ni umbali. Mizunguko ikiisha, aliyetangulia ameshinda, na kwa kawaida kazi inakwisha ndani ya saa mbili. Le Mans kilichopangwa ni muda. Magari yanaachiwa Jumamosi alasiri, yanasimamishwa Jumapili alasiri, na gari lililokwenda mbali zaidi ndani ya saa hizo 24 ndilo mshindi. Gari linaweza kusimama, kufunguliwa, kutengenezwa na kurudi barabarani, lakini saa haiwangoji mafundi. Enzi za Bell, magari ya mbele yalikuwa yakiuzunguka uwanja ule wa karibu kilomita 13.6 kwa dakika tatu na nusu hivi. Kwa hiyo dakika 10 za kubadilisha kifaa kimoja zilikula mizunguko mitatu, na hakuna dereva anayeweza kuirudisha mizunguko mitatu kwa kukanyaga mafuta tu.

Kisha kuna suala la usukani. Gari moja lina madereva wawili au watatu wanaopokezana. Kiti ni hichohicho, klachi ni hiyohiyo, giaboksi ni hiyohiyo. Dereva wa kwanza akiichoma klachi ili aonekane ana kasi kuliko mwenzake, wanaadhibiwa wote. Tena hawako peke yao: magari ya madaraja tofauti hukimbia pamoja, la haraka likilipita la polepole usiku kucha, mvua inyeshe isinyeshe. Na sehemu kubwa ya kupitana huko ilifanyika Mulsanne, njia iliyonyooka ya karibu kilomita sita ambayo haikuwekewa kona za kupunguza kasi mpaka 1990.

Msomaji wa Kenya anayeikumbuka Safari Rally ya zamani hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua habari ya gari la kasi kufia njiani na gari la subira kufika. Hata Porsche, waliotamba Le Mans kuliko wote, waliiendea Safari bila kuipata. Mwaka 1978 Vic Preston Jr aliwamalizia wa pili, Peugeot ikabeba ushindi.

Mtoto wa shambani na Ferrari

Bell alizaliwa Pinner, pembeni mwa London, tarehe 31 Oktoba 1941, akakulia Pagham kwenye pwani ya Sussex, nyumba ya wakulima. Uwanja wa mbio wa Goodwood uko jirani tu. Hapo ndipo alipoanzia mwaka 1964 na gari dogo la Lotus 7, akashinda mbio yake ya kwanza barabara ikiwa imelowa. Akapanda Formula 3, akapanda Formula 2, na mwaka 1968 Ferrari wakamwita. Mbio yake ya kwanza ya Formula 1 ilikuwa Monza, ndani ya gari jekundu, mbele ya Waitalia. Kwa kijana aliyeanza miaka minne tu kabla, kupanda kwa kasi kuliko huko ni vigumu kukufikiria.

Kilichofuata ndicho hadithi za mkato huruka. Mwaka 1969 Ferrari hawakuwa na fedha. Ni mwaka huo ndipo Fiat walipoingia wakanunua nusu ya kampuni. Sehemu kubwa ya msimu timu ilipeleka gari moja tu, na gari hilo lilikuwa la Chris Amon. Bell alikuwa dereva wa Ferrari asiye na Ferrari ya kuendesha. McLaren wakampa gari kwa mbio moja huko Silverstone, nalo lilikuwa jaribio lao la gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Gari hilo halikukimbia tena. Mwaka 1970 alikuwa wa pili katika ubingwa wa Ulaya wa Formula 2 nyuma ya Clay Regazzoni. Regazzoni mwaka huohuo alipata kiti cha Ferrari na kushinda Monza. Bell alipata gari la Surtees na pointi ile moja. Baadaye akajaribu Tecno, timu ya Kitaliano ambayo gari lake halikuwa na nguvu wala halikuwa likifika, kisha Surtees tena mwaka 1974, wakati ambapo kazi kubwa ilikuwa kufuzu tu kuanza mbio.

Sisemi kwamba alidhulumiwa. Wapo waliopewa magari mabovu wakang'aa hata hivyo, na timu kubwa zikawachukua. Ila pointi moja aliyoipata kwa magari ya namna hiyo haitoshi kumhukumu kuwa dereva mbovu, wala haitoshi kumtetea. Ni ushahidi mdogo mno kwa upande wowote.

Wakati hayo yanaendelea, mtu mwingine alikuwa amemwona. John Wyer, meneja wa Kiingereza aliyekuwa akiendesha timu yenye rangi za kampuni ya mafuta ya Gulf, alimpa kiti cha Porsche 917 mwaka 1971 pamoja na Jo Siffert wa Uswisi. Walishinda pamoja mbio ya kwanza ya msimu, kilomita 1000 za Buenos Aires, siku ambayo Ignazio Giunti wa Ferrari alifariki uwanjani. Le Mans mwaka huo, 917 ya mkia mrefu ilipita Mulsanne kwa zaidi ya kilomita 380 kwa saa, lakini gari la Bell na Siffert halikumaliza. Oktoba hiyohiyo Siffert naye akafa, Brands Hatch, katika mbio ya Formula 1. Ukisoma maisha ya dereva yeyote wa miaka ile inabidi ukumbuke kwamba kubaki hai lilikuwa sehemu ya rekodi.

Mafuta ndiyo yaliyomtengeneza

Ushindi wa kwanza wa Le Mans, 1975, mara nyingi husemwa haraka kwa sababu wapinzani wakubwa hawakuwapo. Ni kweli hawakuwapo. Dunia ilikuwa imetoka kwenye mgogoro wa mafuta wa 1973, na waandaaji wa Le Mans wakaweka sharti: gari lisijaze mafuta kabla ya kumaliza mizunguko 20. Sharti hilo liliiondoa Le Mans kwenye ubingwa wa dunia wa mwaka huo. Wyer akaleta Mirage GR8 yenye injini ya Cosworth, injini ya Formula 1 iliyopunguzwa nguvu ili inywe kidogo na idumu, na akawaweka Bell na Ickx kwenye gari moja. Walishinda, Ligier ya Kifaransa ikiwa mzunguko mmoja nyuma yao.

Mtu anaweza kuudharau ushindi huo. Mimi nauona kuwa ndio ufunguo wa yote yaliyofuata. Ni mara ya kwanza ambapo Bell alishinda mbio ambayo swali lake halikuwa "nani ana kasi" bali "nani ana kasi kwa kiasi hiki cha mafuta". Miaka saba baadaye swali hilohilo likawa sheria ya mchezo mzima, na yeye alikuwa tayari analijua jibu.

Mwaka huo wa 1975 pia alikuwa akiendesha Alfa Romeo na Henri Pescarolo, wakashinda Spa, Österreichring na Watkins Glen. Alfa Romeo wakawa mabingwa wa dunia. Bell hakuwa bingwa wa chochote. Si kwamba kuna aliyemshinda. Taji la madereva halikuwapo. Katika mbio za masafa marefu ubingwa ulikuwa wa watengenezaji wa magari tu hadi 1981, ulipoanzishwa ubingwa wa madereva. Mtu anayelinganisha mataji ya Bell na ya madereva wa siku hizi anapaswa kuanza na jambo hilo. Miaka yake kumi ya kwanza katika magari ya michezo haikuwa na taji la kushindaniwa.

Kisha ukaja mwaka 1981. Porsche hawakuwa na gari jipya, wakachukua 936 zilizokuwa zimeshawekwa makumbusho, wakazitia injini ya lita 2.65 iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya mbio za Indianapolis, mradi uliovunjika baada ya sheria kubadilishwa. Ickx alikuwa amestaafu, akarudi. Akamkuta Bell. Waliongoza karibu mbio nzima na kushinda kwa mizunguko 14. Injini iliyokosa pa kwenda ndiyo iliyokuja kuwa moyo wa Porsche kwa miaka iliyofuata.

Mwaka 1982 sheria mpya za magari ya michezo, zilizoitwa Kundi C, zikaanza, na hapa naomba msomaji avumilie maelezo kidogo kwa sababu bila haya kazi ya Bell haieleweki. Zamani waandaaji walidhibiti ukubwa wa injini. Kundi C likaacha injini iwe ya ukubwa wowote, ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) au isiyo ya turbo, likadhibiti mafuta. Tangi lisizidi lita 100, na idadi ya kujaza ikahesabiwa, kiasi kwamba mbio ya kilomita 1000 ilikuwa na lita 600 tu na Le Mans ikawa na lita 2600. Ukizimaliza, umesimama. Unaweza kuwa unaongoza, unaweza kuwa umebakiza mzunguko mmoja, umesimama tu.

Kwa hiyo dereva alikuwa na kitufe cha kuzungusha ndani ya gari cha kuongeza au kupunguza msukumo wa turbo, na baadaye kipimo cha tarakimu cha kumwonyesha mafuta yaliyobaki. Anayetaka kumpita mpinzani anaongeza msukumo, anapita, kisha anapunguza na kuanza kulipa deni. Namna ya kulipa inafahamika kwa madereva wote wa mbio hizi: unaachia akselereta mapema kabla ya kona, unaliacha gari liserereke kwa kasi yake lenyewe, unafunga breki kwa kuchelewa na kwa upole, unapita kona bila kupoteza mwendo, unatoka kwa gia kubwa. Ukiachia mapema mno unapoteza sekunde mbili kwa kila mzunguko. Ukichelewa mno unamaliza mafuta saa 11 alfajiri. Kazi hiyo ilitaka mikono mitulivu, na Bell alisifiwa kwa utulivu huo: hakulipiga gari, hakulitesa, aliliacha litiririke.

Porsche 956 ilianzia Silverstone Mei 1982, na siku hiyo karibu ichekwe. Mbio ilikuwa ya saa sita, na ili mafuta yatoshe Ickx na Bell walilazimika kutembea kwa mwendo wa aibu. Lancia, iliyokuwa bado inakimbia chini ya sheria za zamani zisizo na kikomo cha mafuta, ikawaacha. Mwezi mmoja baadaye Le Mans hakukuwa na kicheko. Porsche walipeleka magari matatu yenye namba 1, 2 na 3, na yakamaliza kwa mpangilio huohuo. Namba 1 lilikuwa la Ickx na Bell.

Kati ya mbio zote ambazo Bell hakushinda, Le Mans ya 1983 ndiyo inayomweleza vizuri zaidi. Mwanzoni kabisa Ickx aligongana na Porsche nyingine, wakarudi nyuma. Waliifukuza mbio usiku na mchana, gari likawazimikia Bell akiwa mbali na mafundi, wakaendelea. Mwisho wa mbio mbele yake lilikuwa gari la timu hiyohiyo, usukanini Al Holbert, mlango wake wa kushoto ukiwa umeng'oka mapema. Bila mlango sawasawa hewa haikuwa ikiingia vizuri kwenye rejeta ya upande ule, na injini ikaanza kuchemsha. Bell alikuwa anamkaribia, lakini diski za breki za mbele zilikuwa na nyufa na mafuta yalikuwa yanakatika. Holbert alivuka mstari kwa taabu, moshi ukitoka. Bell akaja nyuma yake, tofauti ikiwa kama dakika moja baada ya saa 24. Magari mawili, yote mabovu, yakikimbizana nani atakufa wa mwisho.

Taji la nani?

Jambo linalowachanganya wengi ni jinsi watu wawili wanaoshiriki gari moja wanavyoweza kuwa na hesabu tofauti. Sababu ni kwamba pointi huandikwa kwa jina la dereva, si kwa gari. Mwaka 1982 Ickx alishinda Le Mans na Brands Hatch akiwa na Bell, ila Spa na Fuji alishinda akiwa na Jochen Mass. Ickx akawa bingwa. Bell na Mass kila mmoja akabaki na vipande. Mwaka 1983 Ickx akawa bingwa tena, na Bell, nje ya Le Mans, alikuwa amehamishiwa gari moja na kijana wa Kijerumani, Stefan Bellof, aliyekuwa na kasi ya kutisha. Ni Bellof huyo aliyeuzunguka uwanja wa zamani wa Nürburgring kwa dakika 6 na sekunde 11 katika kupanga nafasi za kuanzia, muda uliokaa miaka 35. Siku ya mbio, akiwa anaongoza, alilirusha gari juu ya tuta na kulivunja. Bell alikuwa mshirika wake. Kazi yake siku hiyo ilikwishia hapo.

Mwaka 1984 Bellof akawa bingwa. Mwaka huohuo Porsche hawakupeleka timu yao Le Mans kabisa. Walikuwa wamewekeza kujiandaa na kupunguzwa kwa mafuta kwa asilimia 15 kulikotangazwa, kisha wakuu wa mchezo wakakuahirisha, nao wakasusa. Gari la Porsche la timu binafsi ya Joest likashinda. Haiwezekani kusema Bell angeshinda, lakini ni vyema kujua kwamba kati ya miaka yake bora mmoja ulipotea kwa ugomvi wa ofisini.

Mwaka 1985 akaungana na Hans-Joachim Stuck, Mjerumani mrefu mcheshi. Kwa kuwa walikaa gari moja msimu mzima, walichukua taji la dunia wote wawili. Lakini ulikuwa mwaka mchungu. Manfred Winkelhock alikufa baada ya ajali Mosport, Kanada, na wiki chache baadaye Bellof, sasa katika Porsche ya timu binafsi, alijaribu kumpita Ickx kwenye kona ya Eau Rouge huko Spa, wakagusana. Bellof alikufa akiwa na miaka 27. Ickx aliacha mbio hizi mwisho wa msimu.

Bell, mwenye miaka 44 wakati msimu uliofuata unaanza, akaendelea. Mwaka 1986 taji liliandikwa kwa jina lake peke yake, Derek Warwick wa Jaguar akilikosa kwa tofauti ndogo mno. Mwaka huo alishinda Daytona, akashinda Le Mans na Stuck na Holbert, na serikali ya nchi yake ikampa nishani ya MBE. Le Mans hiyo ilikuwa na giza lake: usiku Jo Gartner alikufa Mulsanne katika Porsche 962 ya timu ya Kremer, na magari yakatembea muda mrefu nyuma ya gari la usalama. Hadi hapo Porsche ya Joest ilikuwa ikiwabana kina Bell. Mwendo ulipofunguliwa tena, injini ya Joest ikafa. Ushindi wa Le Mans mara nyingi una sura hiyo, wa mtu aliyebaki barabarani wakati wenzake wanaondoka mmoja mmoja.

Kulikuwa na kazi nyingine isiyoonekana kwenye takwimu. Porsche walitumia 962 kama maabara, na Bell na Stuck walipewa giaboksi ya klachi mbili iitwayo PDK, inayobadili gia bila kukata nguvu. Ilikuwa nzito na mara nyingi iliharibika, na dereva anayewania taji hapendi kufanywa mjaribu vifaa. Lakini mwaka 1986 walishinda nayo Monza. Leo mtu anayenunua 911 mpya yenye herufi hizo anaendesha mjukuu wa giaboksi ile. Mifumo ya kompyuta ya Bosch iliyopima mafuta na cheche nayo ilikomazwa humohumo, kwa shinikizo la zile lita 600.

Le Mans ya 1987 ndiyo naipa nafasi ya kwanza kati ya tano. Porsche walikuja na hali mbaya: gari lao moja lilipondwa katika mazoezi, na mbio ilipoanza injini za Porsche kadhaa zikaanza kunoki, pistoni zikatoboka, kwa sababu mafuta yaliyotolewa uwanjani hayakulingana na mpangilio wa injini. Magari ya Joest yalikwisha mapema. Gari la pili la kiwanda nalo likafuata. Mafundi wakaliita la Bell, Stuck na Holbert, wakabadilisha chipu ya kompyuta, wakaliachia. Saa chache tu zimepita, na kiwanda kizima cha Porsche kimebaki na gari moja dhidi ya Jaguar tatu. Hapo hakuna mpango wa akiba. Ukilisukuma likafa, mmekwisha; ukilibembeleza, Jaguar wanaondoka. Walilisukuma kiasi. Jaguar moja ilipasuka tairi katikati ya Mulsanne ikapaa, dereva wake Win Percy akatoka mzima. Nyingine ikaishia njiani. Ya tatu ikarudi nyuma kwa matatizo hadi nafasi ya tano. Porsche iliyobaki ikashinda kwa karibu mizunguko 20. Anayetazama tofauti hiyo leo atadhani ulikuwa ushindi mwepesi.

Mwaka uliofuata ulimwonyesha upande wa pili wa hesabu ileile. Klaus Ludwig, aliyekuwa sasa wa tatu katika gari la Bell na Stuck, alinyoosha mafuta kwa mzunguko mmoja wa ziada, yakamkatikia, akalazimika kulivuta gari hadi kwa mafundi kwa nguvu ya starta. Mizunguko miwili ikapotea. Walimaliza wa pili nyuma ya Jaguar kwa dakika mbili na nusu hivi, na hawakujua kwamba Jan Lammers, anayeongoza, alikuwa amekwama kwenye gia moja na giaboksi iko mbioni kuvunjika.

Je, ni Bell aliyeshinda zote hizo, au ni Porsche? Swali ni halali. Nne kati ya Le Mans zake tano ni za gari la kiwanda cha Porsche, wakati ambao kuwa na kiti hicho kulikuwa nusu ya safari. Lakini kiwanda kile kilikuwa na uwezo wa kumchukua dereva yeyote duniani, na kikamweka Bell kutoka 1981 hadi 1988, akibadilishiwa washirika wenye tabia zinazopingana: Ickx mtulivu, Bellof mwenye moto, Stuck mwenye mzaha, Holbert ambaye nusu alikuwa mhandisi. Kila mmoja alishinda akiwa naye. Pia kuna 1975, ambapo hapakuwa na Porsche yoyote chini yake, na Daytona ya 1989, aliyoshinda na Bob Wollek na John Andretti katika Porsche ya timu binafsi ya Kimarekani. Mtu akiniuliza nani alikuwa na kasi zaidi kati yake na Ickx au Bellof, sitamtaja Bell. Mtu akiniuliza nimpe nani usukani saa tisa usiku, mvua ikinyesha, gari likiwa na ugonjwa ambao mafundi hawajaujua, nitamtaja bila kusita.

Alitaka kuacha, hakuacha. Mwaka 1992 aliendesha Le Mans na mwanawe Justin. Mwaka 1995, akiwa na miaka 53, wakarudi pamoja na Andy Wallace katika McLaren F1 GTR ya manjano ya Harrods, gari la barabarani lililofanywa la mbio, mwaka ambao mvua haikukatika. Waliongoza kwa saa nyingi. Kuelekea mwisho klachi ikaanza kugoma, gia zikawa hazikubali, na McLaren nyingine ya JJ Lehto, Yannick Dalmas na Masanori Sekiya ikawapita, kisha Courage ya Kifaransa ikawapita pia. Baba na mwana walipanda jukwaani katika nafasi ya tatu. Mara yake ya 26 na ya mwisho ikawa 1996, McLaren tena, na Wallace tena, pamoja na Mfaransa Olivier Grouillard. Walimaliza wa sita.